Jumeli, bridi na silenbloki zilizoliwa na kutu: ngisi ya kutengeneza resori ya nyuma ya kamioneti ya zamani

Wandugu, nimeamua kuweka hii kitu yote fasi moja juu kila wiki maswali ni yaleyale. Mutu ananunua Hilux ya zamani, anaipeleka Sake ama Rutshuru na muzigo, inarudi inapiga kelele nyuma, anaingia chini anakuta jumeli imekuwa nyekundu, buloni hazifunguki, bridi zimebaki nyembamba kama musumari, kiisha ananiuliza "nipake grese?" Hapana ndugu yangu. Grese haiponyeshi chuma iliyokwisha kuliwa. Inabidi ufungue, uone, ubadilishe ile imekufa na usafishe ile ingali muzima, na hiyo kazi unaweza kuifanya wewe mwenyewe kama uko na uvumilivu na mutu mumoja wa kukusaidia.

Hapa Goma, mashariki ya Kongo, kutu iko na nguvu. Moshi ya volkano ya Nyiragongo inabeba gesi ya salfa, ikikutana na mvula yale maji yanakuwa na asidi, na kila mutu anajua ngisi mabati ya nyumba zetu zinatoboka haraka. Ongeza matope ya Masisi inayokaukia ndani ya shasi, na ule muchanga mweusi wa lava unaokwaruza rangi yote chini ya gari. Kuna gari zingine pia zinatoka Japani na kutu yao tayari, juu kule kaskazini wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke.

Nitasema sana juu ya Hilux za miaka ya 1988 mpaka 1997, juu njo ninayo na njo zinajaa huku. Lakini kamioneti yoyote yenye lami nyuma, kazi inafanana.

Kwanza majina ili tusikie pamoja. Lami ni kile chuma kimoja kimoja kilichopindwa, na resori ni fungu zima la lami. Jumeli ni zile plati mbili za nyuma zinazobembea, zinashika jicho la resori na shasi. Akse ni ile fimbo ya chuma inayopita ndani ya jicho. Silenbloki ni mpira ulio ndani ya jicho. Bridi ni zile chuma zenye umbo la U zinazofunga resori kwenye ponti, na ponti ni ile chuma kubwa inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Suporti ni kile kipande kilichosudewa (kilichochomelewa) kwenye shasi, fasi akse inashikia. Buloni ni bolti, ekru ni nati yake, vis ni ile mistari ya kuzunguka fasi ekru inapita, na fre ni breki.

Kabla ya kununua chochote, pima shasi

Hii watu wengi wanaruka, kiisha wanalia. Chukua nyundo ndogo na turnevisi (bisibisi) ya zamani, ingia chini, gonga suporti zote ine za nyuma na shasi yenyewe kuzunguka hizo suporti. Chuma muzima inatoa sauti kali, ting. Chuma iliyooza inatoa sauti ya kufa, na turnevisi ukiisukuma kwa nguvu inaingia ama inabandua maganda kama ya muti. Kama turnevisi imetoboa shasi, acha huu mwongozo kwanza, tafuta fundi wa kusude anayejua shasi, akate ile fasi mbovu mpaka afike kwenye chuma muzima na aweke plati mupya. Kusude juu ya kutu haishike, inakaa wiki mbili inafunguka. Na siku ya kusude toa batri, kiisha masi ya poste (ile waya ya mashini ya kusude inayorudisha kurant) ifungwe karibu kabisa na fasi inayosudewa, juu kurant ikipita ndani ya ponti inaharibu rulma (beringi).

Kama shasi iko muzima, tuendelee.

Vitu unavyohitaji

- Kriki (jeki) mbili. Moja ya kuinua shasi, ingine ya kushika ponti. Na moja tu hauwezi kufanya hii kazi vizuri.
- Shandeli mbili za kweli, vile vyuma vya miguu vinavyobeba gari iliyoinuliwa, ama mbao nene za muti mugumu zilizopangwa kwa kupishana.
- Kale (kabari) ine za kuzuia magurudumu ya mbele.
- Kle (spana) za 14, 17, 19, 21 na 22, za tubu na za mukono, zenye pembe sita. Zile za pembe kumi na mbili zinakula vichwa vya buloni zenye kutu.
- Tubu ya chuma ya kurefusha kle.
- Nyundo ya kilo mbili, na kipande cha shaba ama cha buloni kubwa cha kupigia akse.
- Brosi ya waya.
- Meli ya umeme, ile mashini inayozungusha diski ya kukatia chuma, na diski nyembamba. Weka na musumeno wa chuma wa mukono pembeni, juu kurant inaweza kukatika katikati ya bridi na hautaki kubaki na gari hewani.
- Miwani ya kazi, gants, viatu vya kufunga. Diski ikipasuka haikuombe ruhusa.
- Dawa ya kulainisha kutu. Ile ya kopo ni muzuri. Kama hauna, changanya oili nyekundu ya buati otomatiki ya gia na aseto, nusu kwa nusu, tikisa kila mara mbele ya kutumia. Aseto inashika moto haraka sana, usiiweke karibu na sigara ama meli.
- Rangi ya antirui (ya kuzuia kutu) na rangi nyeusi ya juu.
- Metre ya kupimia.

Kuhusu piesi: nunua bridi mupya na ekru zake mupya, silenbloki zote za upande wa kulia na wa kushoto, na jumeli na akse kama zimeliwa. Bridi usirudishe za zamani hata kama zinaonekana muzuri. Zikishakazwa mara moja zimevutika, kutu imekula kwenye vis, utakaza na hazitashika nguvu ileile. Ukienda kununua beba ile ya zamani ama picha yenye vipimo: upana wa ndani, urefu, unene wa chuma. Wauzaji wengi watakuambia "hii inaingia tu" na haiingii.

Akse ama buloni kubwa, angalia kichwa chake: lazima iandikwe 8.8 ama 10.9. Kama hakuna namba, usiweke. Hapa nasema kwa uchungu juu nilipata hasara. Garage moja iliniwekea akse waliyochonga kutoka kwenye fer-a-beto, ile chuma ya kujengea, wakapaka rangi nyeusi, mimi nikalipa nikaenda. Nikiwa na magunia ya viazi nyuma, njia ya Sake, ile akse ikakatika, ponti upande mumoja ikarudi nyuma, gurudumu likaingia kwenye bodi, na tubu ya fre ikavutika karibu ipasuke. Hatukufa juu nilikuwa mwendo wa pole. Fer-a-beto ni ya nyumba. Usikubali mutu akuwekee hiyo kwenye gari.

Kazi yenyewe

1. Siku tatu mbele, anza na dawa. Piga brosi ya waya kwenye vis zote zinazotoka nje ya ekru, mpaka uone chuma, kiisha mwagia dawa asubuhi na magaribi. Siku tatu. Watu wanamwaga saa mbili na saa mbili na nusu wanavunja buloni. Dawa inahitaji muda wa kuingia, na ukitembeza gari hizo siku tatu ni muzuri zaidi, ile kutikisika inasaidia dawa kushuka ndani. Uangalie tu isirukie kwenye ngoma za fre.

2. Chagua fasi ya kazi. Goma kila fasi ni mawe, najua. Lakini tafuta hata simenti ya mbele ya nyumba ya jirani. Kama ni udongo ama lava iliyosagwa, weka ubao mupana na munene chini ya kila kriki. Na hii naomba musikie: usiweke mawe ya volkano chini ya gari kama shandeli. Lile jiwe liko na matundu ndani, linaonekana gumu lakini uzito ukilikalia fasi moja linapasuka ghafla, na wewe uko chini.

3. Toa muzigo, kiisha pima. Gari ikiwa chini, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia na wa kushoto, andika. Pima pia urefu kutoka katikati ya gurudumu la nyuma mpaka kwenye bodi juu yake. Piga picha za kila kitu: jumeli imeinama upande gani, buloni zimeingia kutokea wapi, waya zinapita wapi. Hizi namba zitakuokoa mwishoni.

4. Funga magurudumu ya mbele na kale, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Fre ya mukono usiitegemee hapa! Kwenye hizi kamioneti fre ya mukono inashika magurudumu ya nyuma, na wewe unayainua hayo hayo. Ukishainua, haishike kitu tena.

5. Inua shasi. Kriki chini ya shasi, mbele kidogo ya suporti ya mbele ya resori, inua, weka shandeli pande zote mbili, shusha gari ikalie shandeli, kiisha isukume kwa mukono kwa nguvu. Kama inacheza, rudia. Kriki ya pili iweke chini ya ponti, iinue tu mpaka iguse na kubeba uzito wa ponti yenyewe. Resori sasa haibebe gari, na ponti hainingʼinie kwenye tubu ya fre.

6. Fanya upande mumoja kwanza mpaka uishe. Ukifungua pande zote mbili ponti inazunguka na kuteleza, na kuirudisha ni kazi ya watu wane. Toa gurudumu. Fungua amortiseri (shokabu) chini. Angalia vizuri kama kuna kile kijiti kinachotoka kwenye ponti kwenda kwenye vale ya fre juu ya shasi. Hiyo vale inapima muzigo ili fre ya nyuma isifunge gurudumu gari ikiwa tupu. Kama kijiti kinavutika, kifungue upande wa ponti, usikipinde. Kikipindwa fre zako zitakuwa za ajabu na hautajua sababu. Waya ya fre ya mukono pia, kama imefungwa kwenye resori, iachishe.

7. Kata bridi. Usipoteze nusu siku kupigana na hizo ekru, bridi unazitupa hata hivyo. Ukiona ekru inakataa kwa tubu ndefu, kata chuma ya bridi kwa meli, kati ya ekru na ponti. Mbele ya kukata: toa batri, angalia rezervuari ya mazutu (tangi ya dizeli) na tubu za fre ziko wapi, zifunike na kitambaa kizito chenye maji ama kipande cha bati, na weka ndoo ya muchanga pembeni. Cheche zinaruka mbali kuliko unavyofikiri. Geuza meli ili cheche ziende nje ya gari.

8. Fungua jumeli na akse ya mbele. Hapa njo siku inaishia kwa watu wengi, kwa hiyo polepole. Anza kwa kukaza ekru kidogo sana, ndiyo, kukaza, ili ile kutu ivunjike, kiisha rudisha nyuma robo, mbele kidogo, nyuma robo, huku unamwagia dawa. Ukisikia inaanza kuwa laini kama mpira, simama. Hiyo ni buloni inajizungusha ili ikatike.

   Ekru ikikataa kabisa, shalimo (moto wa gesi) inaweza kusaidia, lakini moto uende kwenye ekru tu, ama kwenye suporti, kamwe kwenye jicho la resori. Lami ni chuma iliyochomwa na kupozwa kwa namna maalum kiwandani njo maana inapinda na kurudi. Ukiichoma tena inapoteza ile nguvu, inalegea ama inakatika baadaye. Na futa aseto na dawa yote kwanza, silenbloki nayo ikiwaka inatoa moshi mubaya, usiuvute.

   Ekru imetoka lakini akse haitoki? Kwenye Hilux nyingi za zamani mpira umegawanyika nusu mbili na akse inapita ndani yake moja kwa moja, kwa hiyo kinachoshika ni mpira ulioganda kwenye kutu. Kata ukingo wa mpira kwa kisu, mwaga maji ya sabuni, shika akse kwa kle uizungushe huku na huku, kiisha piga na shaba. Kwenye gari zingine mpira uko ndani ya tubu ya chuma, na hiyo tubu inashikana na buloni inakuwa kitu kimoja. Hapo usipige nyundo siku nzima, utapinda suporti. Ingiza diski nyembamba kati ya jicho na suporti, kata buloni upande huu na upande ule, resori inashuka yenyewe.

   Resori ni nzito, mukuwe wawili wakati wa kuishusha.

9. Toa silenbloki zilizobaki. Za nusu-nusu zinatoka kwa mukono na turnevisi. Za tubu ya chuma: toboa mpira mara nyingi kwa mashini ya kutoboa mpaka katikati itoke, kiisha pitisha musumeno wa chuma ndani ya jicho, kata ile tubu iliyobaki kwa urefu fasi moja, usikate jicho, kiisha ikunje ndani na patasi. Watu wengi wanaichoma. Inafanya kazi, lakini nimekwisha sema juu ya moto na jicho la resori.

10. Angalia lami moja moja. Piga brosi, angalia kwa taa. Ufa unapenda kukaa karibu na ile buloni ya katikati na karibu na jicho. Lami yenye ufa inabadilishwa. Lami haisudewi. Nimeona lami zilizosudewa hapa kwetu kila mwezi, na kila mara inakatikia sentimita moja pembeni ya ile fasi walisude. Angalia pia kichwa cha buloni ya katikati, kile kinachoingia kwenye tundu la ponti. Kama kimeliwa ama kimekatika, badilisha. Lakini usiifungue kabla ya kubana lami zote na serejwa (vibano vya chuma) mbili zenye nguvu, kila upande moja, juu lami zina haraka ya kufunguka na zinaweza kukuvunja mukono.

11. Safisha na paka rangi. Brosi mpaka kutu inayobanduka iishe, futa vumbi, antirui mara mbili, acha ikauke vizuri, kiisha rangi ya juu. Fanya vilevile ndani ya suporti kwenye shasi. Fasi bridi na resori zinakalia ponti, paka nyembamba sana. Rangi nene hapo inasagika na bridi zinalegea. Tundu za maji chini ya shasi, zizibue na waya, utashangaa matope inayotoka.

12. Rudisha, lakini usikaze. Silenbloki za mpira zinaingia na maji ya sabuni. Usiweke grese ya kawaida kwenye mpira, mafuta yale yanauvimbisha na kuulainisha, miezi michache umekwisha. Grese ni ya akse za chuma kwa chuma zenye nipeli, kile kichuchu cha kupitishia grese. Anza na akse ya mbele, kiisha jumeli nyuma. Kama jicho la nyuma halifiki, inua ncha ya resori na kriki polepole, itajinyoosha. Ekru zote za akse na jumeli zifike tu kwa mukono, na kle kidogo ziguse. Basi.

13. Weka bridi. Inua ama shusha ponti polepole mpaka kichwa cha buloni ya katikati kiingie kwenye tundu lake. Kwenye gari zingine resori iko juu ya ponti, kwenye zingine chini, lakini lile tundu liko. Weka kidole uhakikishe, usikisie. Kiisha bridi mupya, ekru ine, kaza kwa kupishana kama unavyokaza gurudumu, kidogo kidogo, mpaka vis zinazotoka chini ziwe sawasawa zote ine. Rudisha amortiseri, kijiti cha vale, waya ya fre ya mukono, gurudumu. Sasa nenda upande wa pili, kutoka hatua ya 6.

14. Shusha gari chini, njo ukaze. Kama utakumbuka hatua moja, kumbuka hii. Gari ikiwa imekalia magurudumu yake, iruke ruke nyuma mara tano sita ili resori ijipange, kiisha ingia chini ukaze ekru za akse na jumeli kabisa. Sababu ni nyepesi: ule mpira haugeuki kwenye akse kama rulma, unajipinda. Ukiukaza gari ikiwa hewani, mpira unafungwa katika ile hali ya resori kuningʼinia, ukishusha gari unakuwa umepindwa saa zote hata gari ikilala. Unapasuka haraka. Wale wote walioniambia "nilibadilisha silenbloki na baada ya miezi mitatu zimekufa tena", nikiwauliza walikaza wakati gani, walikaza juu ya kriki.

    Nguvu ya kukaza bridi kwenye Hilux za zamani ni kama 120 Nm, gari yako inaweza kuwa na namba ingine, angalia kitabu chake. Kama hauna kle dinamometrike, ile inayopima nguvu ya kukaza: kle yenye urefu wa nusu mita, vuta ncha kwa nguvu sawa na kubeba kilo 24 hivi. Wale wanaoweka tubu ya mita moja na nusu na kurukia juu wanavuta bridi mupya mpaka ife siku ileile.

15. Pima tena. Zile namba za hatua ya 3. Kulia na kushoto ziwe sawa ama karibu sana. Kama tofauti inazidi sentimita moja na mbele haikuwepo, buloni ya katikati haikuingia kwenye tundu. Fungua bridi urudie, usitembee hivyo.

16. Tembea, kiisha kaza tena. Jaribu fre kwanza mwendo wa pole karibu na nyumba. Halafu kilomita kama 50, yaani Goma mpaka Sake kwenda na kurudi, ukifika ingia chini ukaze bridi tena. Zitakubali kidogo, ni kawaida, rangi na kutu iliyobaki inajibana. Rudia kwenye kilomita 500.

Kama kitu kinakataa

*Inalia kwi-kwi kila shimo.* Mpira mukavu ama lami zinasuguana. Mwagia maji ya sabuni kwenye silenbloki moja moja huku mwenzako anatikisa gari. Ile inayonyamaza njo yenyewe. Kama ni lami, safisha katikati yao na weka grese ya grafiti kidogo. Usimwage oili chafu ya motere juu ya resori yote kama wengi wanavyofanya, inaharibu mpira, inafika kwenye fre, inakusanya vumbi, na ile inayodondoka inapita kwenye lava inaenda chini kwenye maji.

*Inapiga tok tok ukianza kutembea ama ukishika fre.* Bridi zimelegea, ama akse ni nyembamba kuliko tundu. Angalia kama kuna unga mwekundu unaotoka karibu na ekru. Huo unga ni chuma kinachosagika, fasi hiyo inacheza.

*Gari imeinama upande mumoja.* Mara nyingi resori ya upande ule mwingine ambao haukuguswa imechoka, na sasa inaonekana. Pima urefu bila muzigo. Mara ingine jumeli imegeuka, imeelekea juu ama imelala kabisa. Linganisha na picha.

*Inatembea upande, mutu anayekufuata anakuambia gari yako inaenda kama imepinda.* Hatua ya 15.

*Buloni imekatikia ndani ya suporti.* Toboa katikati yake na foreti ndogo, kiisha kubwa, kiisha kubwa zaidi, mpaka ganda lake liwe jembamba na litoke. Ukikosa katikati utaharibu tundu, kwa hiyo piga alama na poenso mbele ya kutoboa, na shika mashini kwa mikono miwili.

*Silenbloki mupya haiingii.* Kutu ingali ndani ya jicho. Sugua na papie ya chuma iliyozungushwa kwenye fimbo. Kama jicho limefunguka, limekuwa na mwanya, lami kubwa inabadilishwa.

*Gurudumu la nyuma linagusa bodi ukiweka muzigo.* Muzigo ni mukubwa kuliko nguvu ya resori. Usiongeze lami ya gari ingine bila kupima upana wake, ikiwa pana inasugua bridi mpaka izikate.

Na ukitoka Masisi na matope, osha chini siku ileile kabla haijakauka, maji yaingie ndani ya shasi kupitia zile tundu ulizozibua, kwenye suporti za nyuma na juu ya jumeli, fasi udongo unapenda kukaa. Wale wanaooshea gari wataosha milango na vioo usipowaonyesha, kwa hiyo inama nao uwaonyeshe kwa kidole.